Nani Kakwambia Wambuti Hawana Dini?

Asanteni, kaeni. Naanza na lile lile ambalo wanaonijua wameshalichoka, maana juzi tena kwenye harusi mzee mmoja kanivuta pembeni, "mwalimu, wale mbilikimo wa Ituri hawana dini, wana uchawi tu." Kwanza watu wana jina lao, ni Wambuti, watu wa msitu wa Ituri kule Kongo. Halafu hiyo dini ulienda kuitafuta wapi mzee wangu, chini ya paa la bati?

Sikilizeni. Mtu akifa kambini, au watu wakitega nyavu siku nyingi wakirudi mikono mitupu, Wambuti wanasema msitu umelala. Msitu kwao ni baba ni mama, hauwezi kuwadhuru kwa makusudi, kwa hiyo kama balaa limeingia basi mzazi kasinzia tu, aamshwe. Na anaamshwa kwa wimbo! Hiyo ndo molimo. Kila kibanda kinatoa chakula na kuni, usiku wanawake na watoto wanaingia ndani, wanaume wanaimba motoni, leo, kesho, mwezi mzima na zaidi, na kule gizani kuna baragumu linawajibu, mara linanguruma kama chui mara linaimba kama mtu. Tena likipita mtoni linanyweshwa maji. Wala hawaombi nyama, wanataka msitu uamke umefurahi, mengine utajua wenyewe.

Sasa hapa ndo napapenda. Miaka ya 1950 kuna mtafiti mgeni alikaa nao kule Epulu, huko huko Ituri, akawa na hamu kweli ya kuliona hilo baragumu takatifu, kichwani kwake ni mwanzi wa zamani umechongwa ukachongeka. Kuja kuonyeshwa, bomba la chuma! Bomba la maji, kama lile la nyuma ya choo chenu hapo, msicheke. Mgeni kanywea, wenyewe wakamshangaa, kwani halitoi sauti nzuri? Na chuma hakiozi kama mti. Na sisi huku tunanuniana mwaka mzima kwa rangi ya mapazia ya kanisa.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema siku hizi si wameshaokoka. Wengine ndio, sikatai. Ila hata jandoni kwa Wabila, majirani zao wa vijijini, nkumbi ile, vijana wa Kimbuti walikuwa wanaingia, wanashika masharti yote mbele ya wanakijiji, wakibaki peke yao wanayavunja huku wanacheka. Kwa hiyo ukinihesabia waumini nitakuuliza kwanza, uliwahesabia kijijini au porini?

Nilitaka niingie kwenye dhahabu ya huko Ituri, hifadhi ya wanyama ya Okapi ya 1992 huko huko, na ile sheria ya Kongo ya 2022 ya haki za hawa watu, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi wakati mwingine. Ila Wabatwa, watu wa msitu kama hawa, walioondolewa msitu wa Bwindi kule Uganda mwaka 1991, mkikutana nao waulizeni, siku hizi wanaimbia wapi.

Haya, maswali. Wa kwanza asiniulize urefu wao.