Kompyuta Ikiganda Inapowaka: RAM Moja, Sloti Moja

Wakubwa wetu shikamooni, na nyinyi vijana habari za asubuhi. Leo tunazungumzia kompyuta inayoganda wakati wa kuwaka, hasa pale RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inapokuwa ndiyo chanzo. Tuelewane mapema: kabla ya kushika bisibisi, kaa uitazame inavyowaka, kwa sababu mahali inapogandia panakuambia mengi kuliko maelezo ya mwenye kompyuta.

Feni zinazunguka, kioo ni cheusi, pengine na milio inayojirudia. Hapo BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa, haijaona RAM inayoweza kuitumia, na mara nyingi RAM imekaa vibaya au ina uchafu. Ikigandia kwenye nembo ya kampuni, usiihukumu RAM haraka. Zima, chomoa flashi, printa na kebo ya diski, kisha washa tena, maana diski iliyokufa nayo hugandisha nembo. Ikivuka nembo ikagandia kwenye vidoti vya Windows vinavyozunguka, inawezekana RAM inasomeka lakini ina sehemu mbovu ndani, na data nyingi ndiyo kwanza zinaanza kupakiwa humo. Angalia pia inavyorudia. Draiva (programu inayoendesha kifaa) mbovu kwa kawaida hugandisha palepale kila siku, wakati RAM mbovu leo inagandisha hapa, kesho pale, na skrini ya bluu inabadilisha ujumbe wa kosa.

Kuna mtego mmoja. Ukichagua Restart inawaka vizuri, lakini ukiizima jioni, asubuhi inaganda. Windows 10 na 11 zikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake upesi, na Restart hairudishi kilichohifadhiwa. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha ujaribu siku mbili tatu. Ikipona, yaelekea RAM haikuwa na kosa.

Sasa vumbi letu. Tangu Mei hadi Novemba hapa Dodoma ni kiangazi, na upepo unaingiza vumbi jekundu hadi ndani ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Linajaa kwenye sloti, yaani nafasi ya kuchomekea RAM, na kuzuia mguso wa pini. Hewa kavu nayo inaleta umeme tuli: umevaa sweta la nailoni, umepita kwenye zulia, ukigusa RAM unaweza kuiua bila kuona cheche yoyote. Kwa hiyo chomoa waya wa umeme, kwenye laptopu tenganisha na betri ya ndani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine.

Toa RAM, ishike kwa kingo. Pini zake za rangi ya dhahabu zikiwa na ukungu mweusi, zisugue taratibu kwa raba nyeupe ya shuleni, upande wa mbele na wa nyuma, kisha uzifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Makombo ya raba yasidondokee kwenye sloti. Sloti yenyewe ipulize kwa kopo la hewa au blowa ndogo, wala si kwa mdomo, mdomo una mate. Wakati wa kurudisha, kwenye kompyuta ya mezani bonyeza ncha zote mbili mpaka klipu zijifunge. Ya laptopu inaingia kwa mshazari, kisha unailaza hadi klipu za pembeni zishike.

Usirudishe zote kwa pamoja. Weka moja tu, kwenye sloti ambayo kitabu cha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kinaitaja kuwa ya kwanza. Kwenye mazabodi nyingi za sloti nne ni ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, chipu kuu ya kompyuta. Iwashe. Kisha hamisha RAM hiyohiyo sloti nyingine, kisha jaribu RAM ya pili kwenye sloti zilezile, huku ukiandika matokeo kwenye karatasi. RAM moja ikigoma kila sloti, ni mbovu. RAM zote zikigomea sloti moja, shida ni sloti, au pini iliyopinda chini ya prosesa, au hitsinki (chuma cha kupoza prosesa) iliyokazwa upande mmoja kupita kiasi. Hapo kununua RAM mpya ni kupoteza hela. Na kama ni DDR5, kizazi kipya cha RAM, ukibadilisha RAM kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa huku mazabodi ikijipima. Isubiri, usiizime.

Kwa RAM za mtumba, soma lebo. PC3 ni DDR3 ya volti 1.5, PC3L ni ya volti 1.35, na laptopu nyingi zinazotaka PC3L haziwaki kabisa ukizipa ile nyingine. Kwenye DDR4 tazama herufi inayofuata kistari baada ya namba ya kasi: PC4-2400T-U ni ya kompyuta ya mezani, yenye R mahali pa U ni ya seva. Ya seva inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ila kompyuta haiwaki, na ndiyo inayouzwa rahisi.

RAM ikikubali kuwaka lakini bado una shaka, ingia BIOS uzime XMP (mpangilio wa kuikimbiza RAM kwa kasi zaidi) ili irudi kwenye kasi yake ya kawaida. Kuganda kukiisha, chipu ni nzima, ila kasi hiyo imeishinda. Kukiendelea, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uiache usiku kucha, RAM moja baada ya nyingine. Kosa moja tu jekundu linatosha kuikataa. Kipimo cha Windows, mdsched, ni chepesi: kikiona kosa kiamini, kisipoona usikiamini. Na kabla ya kumwambia mteja anunue RAM, pima betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye mazabodi. Ikiwa chini sana ya volti 3, mipangilio ya BIOS inapotea kila umeme unapokatika, na utarudishiwa kompyuta ileile kwa malalamiko yaleyale.