Harrier Imevaa Buibui

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Jumapili nilikuwa harusini Mbezi. Gari nimeliosha asubuhi ile ile, linang'aa, nikaliegesha juani. Natoka nje saa nane mchana, natazama boneti, naona kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga! Na mawifi wote wamesimama pale.

MWINYI: Pole, bibie. Rangi gani vile?

ZUHURA: Nyeusi. Harrier.

MWINYI: Basi limevaa buibui mara mbili. Weusi wa buibui, na juu yake nyuzi za buibui.

ZUHURA: Usinicheke, kaka Mwinyi. Asubuhi hazikuwepo.

MWINYI: Zilikuwepo. Uliliosha chini ya mwembe, ndiyo maana hukuziona. Kivulini kila gari ni jipya.

ZUHURA: Na mimi nimeshamgombeza kijana anayeniosheaga. Nikamwambia, wewe unazungusha mkono, ona ulivyonichorea miduara.

MWINYI: Hapo umemwonea. Ile si miduara. Leo usiku washa tochi ya simu, mulika boneti. Utaona duara zimeizunguka nuru. Kisha sogeza simu pembeni taratibu. Duara zinahama nayo! Zingekuwa zimechorwa pale zingehamaje?

ZUHURA: Ehe, ni nini basi?

MWINYI: Ni mikwaruzo myembamba mno, maelfu, imelala kila upande. Iliyokingama mbele ya nuru inairudisha machoni kwako, iliyoelekeana nayo haionekani. Jicho linaunga vipande, unaona duara. Hata ungefuta gari kwa mistari iliyonyooka mwaka mzima, juani ungeona buibui yule yule.

ZUHURA: Kwa hiyo nimemwonea kijana wa watu bure.

MWINYI: Bure kabisa sijasema. Kosa la mkono hana. Kosa la ndoo analo.

ZUHURA: Subiri kwanza, tutafika kwenye ndoo. Hiyo mikwaruzo imeingia kina gani? Nimefikia mpaka chuma?

MWINYI: Aa, mbali sana. Gari lililotoka kiwandani, rangi yote kwa pamoja, praima, rangi yenyewe na kliya ya juu isiyo na rangi, mara nyingi ni kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Karatasi ya kuchapishia ya ofisini ni kama 100. Kliya peke yake inakaa kwenye 40 au 50, nusu ya karatasi. Buibui wako anaishi humo ndani ya kliya.

ZUHURA: Nusu ya karatasi! Na mimi nampa mtu alisugue.

MWINYI: Ndiyo nataka watu waipate hiyo. Kupiga polishi si kuongeza kitu. Unaishusha kliya yote iliyo jirani mpaka ilingane na sakafu ya mkwaruzo. Mkwaruzo haukuzibwa, kingo zake ndizo zimeondolewa. Na kliya si ngozi, haioti tena. Kila ukipiga mashine umekula akiba.

ZUHURA: Haya, ndoo sasa.

MWINYI: Ndoo moja. Imeosha magari sita tangu alfajiri. Sponji imetoka kusugua ringi za daladala, yenye vumbi la breki, inapanda kwenye boneti yako. Kitambaa kimeanguka chini, kimeokotwa, kimekung'utwa mara moja, kazi inaendelea. Sasa, mchanga wa kawaida una chembe za kwarzi. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kile ambacho almasi ni 10, kwarzi ni 7. Inakwaruza hata kioo cha dirisha. Kliya ni plastiki tu, itasema nini mbele yake?

ZUHURA: Na sabuni ya unga je? Maana ndiyo wanayotumia wengi.

MWINYI: Inaondoa nta uliyoipaka, na ni kali kuliko gari linavyohitaji. Lakini kwa buibui, mshtakiwa wa kwanza si sabuni. Ni ile chembe iliyobanwa kati ya kitambaa na rangi. Tena kuna kibaya kuliko kuosha vibaya.

ZUHURA: Kipi?

MWINYI: Kufuta vumbi pakavu.

ZUHURA: Mungu wangu. Baba mdogo! Ana teksi, kila asubuhi kabla ya chai anaipangusa na fulana kuukuu. Anasema gari la kazi lazima lipendeze.

MWINYI: Mwambie shikamoo yake, na kwa heshima zote ile fulana ni msasa. Vumbi la usiku likae mpaka upate maji. Hata turubai, ukilifunikia gari lenye vumbi, upepo unapuliza na turubai linasugua usiku kucha.

ZUHURA: Sasa mtu wa kawaida afanye nini? Siyo kila mtu ana bomba la presha nyumbani, na maji yenyewe ya boza.

MWINYI: Ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu, ile ya kitambaa unayooshea gari. Kwanza unamwagia gari maji kutoka juu, vumbi liondoke lenyewe kabla hujaligusa. Kisha unaanza paa, vioo, boneti, unashuka. Sehemu za chini mwisho, ndiko kwenye mchanga. Kila ukifuta eneo moja, glavu inaingia maji matupu kwanza, unaikamua, ndipo inarudi kwenye sabuni. Ukimaliza tazama chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Tope unaloliona pale ndilo lingekuwa kwenye boneti.

ZUHURA: Na magurudumu?

MWINYI: Yana kitambaa chao, na kisivuke mpaka. Cha kukaushia kiwe maikrofaiba kikubwa, unakilaza na kukinyanyua, husugui. Kikianguka chini, kwa leo kimestaafu.

ZUHURA: Kijana wangu wa kuosha hatakubali hayo yote. Ana foleni.

MWINYI: Ataongea bei. Mimi nikiwa na haraka namwambia hivi: mdogo wangu, piga maji, piga povu, suuza, boneti na milango usiguse. Nakulipa bei ile ile. Anakutazama kama una wazimu, lakini anafurahi, umempunguzia kazi. Unaondoka na gari lenye vijitone, sawa, ila hujachorwa.

ZUHURA: Ngoja niseme la pili lililoniuma. Miezi miwili iliyopita nililipa pesa nzuri mahali fulani, jina naliacha. Wakapiga mashine, gari likatoka kama kioo. Wiki ya tatu, buibui huyoo amerudi.

MWINYI: Hakurudi. Hakuondoka. Kuna polishi zina mafuta na vijazio, zinaingia kwenye mkwaruzo na kuuficha. Ukiosha mara chache zinatoka. Siku ya kuchukua gari, mwambie fundi achukue spiriti iliyochanganywa na maji, afute eneo dogo mbele yako, juani au kwa tochi. Mafuta yanatoka, ukweli unabaki. Fundi aliyefanya kazi hatakataa.

ZUHURA: Mashine gani zinafaa? Maana nimeona mtu analirukaruka gari na kitu kama grainda.

MWINYI: Ile ya kuzunguka tu inakata haraka, lakini inatia joto. Mikono isiyozoea inachoma rangi, hasa kwenye kingo na mikunjo ya bodi, ambako kliya ni nyembamba zaidi. Tena inaacha alama zake, mawimbi kama upinde wa mvua. Nyingine inazunguka huku inayumba, hiyo ni ya polepole na ina huruma. Mtu anayejifunza aanzie hapo. Sponji laini, polishi nyepesi, kieneo cha nusu mita kwa nusu mita, unapita mara nne au tano, unafuta, unatazama. Ikitosha, umemaliza. Rabingi ya kopo, ile polishi kali ya kukata, iache, hiyo ina kazi yake baada ya kupiga msasa kwenye rangi mpya.

ZUHURA: Na nitajuaje kliya imebaki kiasi gani?

MWINYI: Kuna kifaa cha kupima unene, kinasoma tabaka zote kwa jumla, kliya peke yake hakikwambii. Na kwenye bampa la plastiki, vya kawaida havisomi kabisa. Lakini kwa gari lililotumika Japani na kuja hapa ni muhimu. Ukikuta mlango mmoja unasoma 120 na wa jirani yake 300, ule umepakwa rangi upya, na bei mnaanza kuzungumza upya.

ZUHURA: Hilo peke yake limelipa kipindi! Jirani yangu ana X-Trail, anaapa gari lake linajiponya.

MWINYI: Usimcheke sana. Nissan walitangaza kliya ya namna hiyo mwaka 2005, wakaanza nayo kwenye X-Trail huko Japani. Mikwaruzo midogo ilikuwa inajifuta yenyewe, joto likiwa juu inawahi zaidi. Lakini wenyewe walisema nguvu yake ni miaka mitatu hivi. X-Trail ya jirani yako ina umri gani?

ZUHURA: Ina watoto wa kidato cha pili hiyo. Na koti la seramiki, lile la 9H? Nimeambiwa hata ukwaruze kwa ufunguo halishiki.

MWINYI: Hiyo 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli ngumu, wanaikokota juu ya rangi. Si Mohs, haihusiani na mchanga. Seramiki ni nzuri, uchafu unateleza, kuosha kunakuwa rahisi, unagusa gari mara chache. Lakini kitambaa chenye mchanga kitalichora koti lenyewe.

ZUHURA: Swali la mwisho. Nilipewa zawadi ufagio wa manyoya, ule wa kupangusia gari. Wa rangi ya waridi, mzuri sana.

MWINYI: Una kabati la vyombo nyumbani?

ZUHURA: Ninalo.

MWINYI: Upeleke huko.