Kabla Hujatuma Faili Kiwandani

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Baraka, niko na dada Mwanaidi kama kawaida. Leo tuna swali la msikilizaji. Amebuni taa ya mezani inayojikunja, amezungumza na viwanda vitatu vya China, na vyote vimemjibu neno lile lile: tutumie faili tukupe bei. Anauliza, nitume?

MWANAIDI: Asitume. Bado.

BARAKA: Sasa bila faili bei ataipataje?

MWANAIDI: Ya kukadiria ataipata. Kiwanda kikijua ukubwa, malighafi, uzito na idadi ya vipande, kinaweza kusema kuanzia hapa hadi hapa. Faili lenye vipimo vyote ndilo bidhaa yenyewe, kaka. Halafu angalia hesabu yake: akituma kwa viwanda vitatu, kimoja atakipa oda, viwili atavikataa. Vile viwili faili vinalo bado.

BARAKA: Na watu huwa wanamhofia yule waliyemchagua.

MWANAIDI: Uliyemchagua anasubiri oda ya pili, ana sababu ya kukutunza. Uliyemkataa hana cha kupoteza kwako.

BARAKA: Basi awasainishe mkataba wa usiri kwanza. Si ipo mingi tu mtandaoni, unajaza majina unatuma?

MWANAIDI: Ipo, na mingi haina meno. Mkataba wa usiri wa kawaida unasema "usimwambie mtu siri yangu". Kiwanda kina haja gani ya kumwambia mtu? Mashine kinazo chenyewe. Ndiyo maana mawakili wanaoshughulika na China wanatumia mkataba wenye makatazo matatu: usifichue, usitumie kwa faida yako, na usinizunguke ukaenda kwa wateja wangu. Wameuzoea kwa jina la NNN.

BARAKA: Na uandikwe kwa sheria ya nani? Mimi ningesema sheria ya nchi yangu, nikashtaki hapa hapa nyumbani.

MWANAIDI: Utashtaki, utashinda, halafu? Mali za kiwanda ziko kwao. Hukumu ya mahakama ya nje haitekelezwi China hivi hivi. Lazima pawe na mkataba kati ya nchi na nchi, au desturi ya kutambuliana hukumu, na mara nyingi njia hiyo ni ndefu au haipo kabisa. Kwa hiyo unaandika Kichina, chini ya sheria ya China, na unataja mahakama yenye mamlaka pale kiwanda kilipo. Unaweka na kiasi cha fidia kwa kila uvunjaji, kiasi cha busara. Ukiandika mamilioni ya kutishia watu, Kanuni ya Madai ya China inamruhusu hakimu kukipunguza kikizidi mno hasara halisi.

BARAKA: Faida ya kukitaja mapema ni nini?

MWANAIDI: Hubishani tena umepoteza kiasi gani. Na ukiwa na kiasi kilichoandikwa, ni rahisi zaidi kuiomba mahakama izuie akaunti za kiwanda wakati kesi inaendelea. Hicho ndicho kinachowatia hofu. Mwenye kiwanda ambaye akaunti yake imefungwa hawezi kulipa hata umeme.

BARAKA: Umenigusia pia suala la muhuri kabla hatujaanza kurekodi.

MWANAIDI: Enhe, hilo watu wengi hawalijui. Jina la Kiingereza lililo kwenye kadi ya biashara ya kiwanda cha China mara nyingi ni la kujipa tu. Jina la kisheria ni la Kichina, liko kwenye leseni yao ya biashara. Omba nakala ya leseni, ulinganishe herufi kwa herufi na jina lililo kwenye muhuri wao mwekundu wa duara. Mkataba wenye saini nzuri ya meneja mauzo na bila muhuri huo unakuachia mabishano ya kama kampuni yenyewe iliingia mkataba na wewe. Na wakati mwingine unakuta muhuri ni wa kampuni nyingine kabisa. Hapo unajua umekuwa ukiongea na dalali, si kiwanda.

BARAKA: Twende kwenye kusajili. Taa yake asajili nini?

MWANAIDI: Aivunje vipande. Umbo la nje, jinsi inavyoonekana, hiyo ni hataza, yaani patent, ya usanifu. Bawaba inayofanya ijikunje, kama kweli ni mpya, hiyo ni hataza ya uvumbuzi, au ile ndogo wanayoiita hataza ya matumizi, ambayo China inalindwa miaka 10. Jina ni alama ya biashara. Na kama kuna programu ndani ya chipu inayobadilisha mwanga, hiyo asiisajili popote. Aifiche tu.

BARAKA: Usanifu unalindwa muda gani?

MWANAIDI: China ni miaka 15 tangu siku ya kuomba, walipandisha kutoka 10 sheria ilipobadilika Juni 2021. Na kuanzia Mei 2022 wako ndani ya mfumo wa The Hague wa kusajili usanifu kimataifa, kwa hiyo unapeleka ombi moja WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, unataja nchi unazotaka. Ila usichukulie kwamba ukisajili kwako umesajili kote. Haki hizi zina mipaka ya nchi. Ukishaomba nchi moja, Mkataba wa Paris unakupa miezi 6 ya kuomba kwingine kwa usanifu na kwa alama ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Kwa hataza ya uvumbuzi ni miezi 12.

BARAKA: Na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, maana wanaanza kwa kuposti.

MWANAIDI: Wanajikwaa vibaya sana! Nikupe kisa cha Range Rover Evoque. Mwaka 2014 kampuni ya China ya Jiangling ikaonyesha gari linaitwa Landwind X7. Ukiliona kwa mbali utaapa ni Evoque, kuanzia paa linavyoteremka nyuma hadi taa. Jaguar Land Rover, watengenezaji wa Evoque, wana mawakili wa kila aina, si ndiyo? Na hataza ya usanifu China walikuwa nayo. Mwaka 2016 mamlaka ya hataza ikaifuta. Kisa, gari lilikuwa limeshaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya Guangzhou mwishoni mwa 2010, na ombi lilipelekwa mwishoni mwa 2011.

BARAKA: Yaani gari lao wenyewe ndilo lililowaangusha.

MWANAIDI: Usanifu ulikuwa si mpya tena siku walipoomba, na sheria haijali kwamba aliyeuonyesha ni wewe mwenyewe. Hataza ya Jiangling nayo ilifutwa, lakini magari yakaendelea kuuzwa. Ilibidi waende kwa njia ya ushindani usio halali, na Machi 2019 mahakama ya wilaya ya Chaoyang, Beijing, ikawapa ushindi. Hesabu mwenyewe miaka.

BARAKA: Lakini nimesikia kuna nchi zinakupa muda wa neema. Unaonyesha leo, unasajili baadaye.

MWANAIDI: Marekani, Japani na Umoja wa Ulaya wanatoa miezi 12 kwa usanifu. China ni 6, na ni kwa mambo machache tu, kwa mfano mtu akiivujisha bila ridhaa yako. Kuposti mwenyewe hakumo. Ndiyo maana mtu akiniambia "mimi nitategemea muda wa neema", namuuliza: kiwanda chako kiko wapi?

BARAKA: Na hawa wanaochangisha pesa mtandaoni kabla ya kutengeneza? Wale kuonyesha ndiyo kazi yenyewe.

MWANAIDI: Wale wako hatarini kuliko wote. Fidget Cube ya 2016, kile kidude cha kuchezea vidole: walichangiwa zaidi ya dola milioni 6 kwenye Kickstarter, na kabla wenyewe hawajawafikishia wateja, nakala zilikuwa sokoni tayari. Wanakili hawakuhitaji kuiba faili. Video ilikuwa wazi kwa kila mtu kutazama na kupima kwa macho. Mkataba wa usiri ungesaidia nini pale?

BARAKA: Hapa mimi nabishana kidogo, dada. Wote unaowataja ni wakubwa. Msikilizaji wetu ana taa moja. Pesa ya kwenda mahakamani Beijing ataitoa wapi?

MWANAIDI: Haendi mahakamani, labda mara moja katika maisha yake. Cheti cha usajili anakitumia kwa kazi ndogo ndogo. Anakipeleka kwenye soko la mtandaoni, tangazo la nakala linaondolewa. Anakisajili forodha ya China, ambayo, tofauti na nchi nyingi, inakagua hata mizigo inayotoka. Kontena la nakala linaweza kusimamishwa bandarini kabla halijapanda meli.

BARAKA: Na hiyo hiyo inaweza kumgeukia.

MWANAIDI: Sana tu! China anayewahi kusajili alama ndiye mwenyewe, kwa sehemu kubwa. Kiwanda au dalali akisajili jina la taa yako kabla yako, mzigo wako halali ndio unaokamatwa. Na usiseme "mimi siuzi China, natengenezea tu". Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Watu ya China iliamua kesi ya Honda. Kampuni ya huko ilitengeneza pikipiki zenye jina HONDAKIT kwa mteja wa Myanmar, zote za kupelekwa nje. Mahakama ikasema ni uvunjaji wa alama hata hivyo. Kwa hiyo pesa ikiwa ya kusajili kitu kimoja tu, mimi ningeanza na jina, na ningeweka pia jina la Kichina.

BARAKA: Mimi ningeanza na umbo. Taa inauzwa kwa macho.

MWANAIDI: Kwa taa, sawa, nakuachia. Kwa pampu ya maji nisingekubali.

BARAKA: Tumebakisha kalibu.

MWANAIDI: Hii ndiyo naipenda. Kalibu ya chuma ya kumimina plastiki ni ghali, wewe ndiye umeilipia, lakini imekaa kwao. Siku unataka kuhama kiwanda, unaambiwa kalibu ni yetu, wewe ulilipa ada ya kuiandaa tu. Au haikatazwi kuondoka, ila usiku inafanya kazi zamu ambayo hukuiagiza.

BARAKA: Zamu ya tatu.

MWANAIDI: Ile ile. Mkataba wa kalibu uwe peke yake, usiwe mstari mmoja ndani ya oda. Utamke kwamba ni mali ya mnunuzi, itolewe ndani ya siku kadhaa ikidaiwa hata kama kuna ubishi wa malipo, na isitumike kwa mtu mwingine. Kisha jina la mwenye mali na namba vichongwe kwenye chuma chenyewe, si kubandika stika. Unataka picha ya mchongo ule kabla hujamalizia malipo. Na ikihesabu mizunguko, maana kalibu nyingi zinafungwa kaunta, unalinganisha na vipande ulivyopokea. Kaunta ikisema vipande vingi kuliko ulivyolipia, na mabaki yaliyoharibika hayaelezi tofauti, una swali la kuuliza.

BARAKA: Na kugawa vipande?

MWANAIDI: Kwa taa hii inawezekana. Kiwanda cha kwanza kitengeneze mwili, cha pili bawaba, na chipu iwekewe programu kwingine kabisa, labda kwako mwenyewe wakati wa kufungasha. Gharama inapanda na ukaguzi unakuwa mgumu, kwa hiyo si kwa kila bidhaa. Kijiko huwezi kukigawa.

BARAKA: Haya, msikilizaji anasubiri. Viwanda vitatu vinataka faili. Ajibu nini kesho asubuhi?

MWANAIDI: Aandike: nashukuru, hivi hapa vipimo vya jumla na malighafi, nipeni bei ya kukadiria pamoja na nakala ya leseni yenu ya biashara. Michoro kamili itafuata baada ya sisi kusaini mkataba wa NNN kwa Kichina. Wakati wanajibu, apeleke ombi la jina na la umbo. Mtandaoni asiweke picha hata moja hadi apate tarehe ya ombi.

BARAKA: Na kikigoma kusaini?

MWANAIDI: Anabaki na viwili. Na kikisema "tusaini ule wa Kiingereza tu, ni utaratibu wetu", amuulize wakili kabla ya kukubali, maana hiyo naiona sana.

BARAKA: Wiki ijayo tunaingia kwenye ukaguzi wa mzigo kabla kontena halijafungwa. Maswali yenu tumeni mapema.