Kompyuta ya Mezani Isiyoshika Waifai Bado Ina Kazi

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nashukuru kwa nafasi hii.

Nianze na jambo ninalokutana nalo mara kwa mara nikiitwa majumbani. Sebuleni kuna kompyuta ya mezani imefunikwa kitambaa. Ukiuliza, unaambiwa, "Hiyo nzima, ila haishiki waifai." Pembeni kuna laptopu inayoshika waifai vizuri, na watoto watatu wanaigombania. Inaniuma, maana kinachokosekana kati ya mashine hizo mbili ni waya wa mita mbili tu.

Ni ule waya wa mtandao wenye vichwa vya plastiki. Ndani una nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi. Chomeka kichwa kimoja kwenye laptopu, kingine kwenye kompyuta ya mezani. Sukuma mpaka kilimi kilie "tik", kisha inama utazame tundu: mara nyingi kuna taa ndogo, ya kijani au ya manjano. Taa isipowaka, usiguse mpangilio wowote kwanza. Angalia waya, angalia tundu.

Zamani kazi hii ilidai waya maalumu, ambao namba 1 ilivuka kwenda 3 na namba 2 kwenda 6, ili mdomo wa mashine hii ulielekee sikio la mwenzake. Kadi za siku hizi zinajigeuza zenyewe, kwa hiyo waya wowote mzima unafaa. Na kama laptopu yako haina tundu la waya, kuna kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye USB.

Sasa tufike mahali ambapo wengi wanakwama. Laptopu ina milango miwili: wa waifai, ambao intaneti inaingilia, na wa waya, ambao itatokea. Kwenye Windows, shika kitufe cha Windows na herufi R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter. Milango yote utaiona hapo. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya waifai, fungua sifa zake, nenda kwenye kichupo cha kushirikisha, weka tiki ya kuruhusu wengine wapitie humo. Ukiletewa orodha, chagua mlango wa waya. Nasisitiza: tiki inakaa kwenye mlango unaoingiza intaneti. Nimekuta watu wamehangaika siku nzima kwa sababu waliiweka upande wa waya. Wenzetu wanaotumia Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni kinyume: wao mpangilio wa kushirikisha wanauweka kwenye waya.

Tiki ikikubali, upande wa waya wa laptopu unapata anwani, yaani namba ya kuutambulisha kwenye mtandao: 192.168.137.1. Kuanzia hapo laptopu inafanya kazi ya ruta. Inaigawia kompyuta ya mezani anwani, inapokea maombi yake na kuyapeleka nje kwa jina lake yenyewe. Jibu likirudi, inamkabidhi mwenyewe. Ruta ya nyumbani au simu inayotoa hotspoti inaiona laptopu peke yake.

Kwa hiyo kwenye kompyuta ya mezani usiandike anwani kwa mkono. Kama kuna fundi aliyewahi kuandika namba humo, ziondoe, iache iombe yenyewe. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inaanza na 192.168.137, imepokelewa. Ukiona 169.254, basi mashine iliomba, haikujibiwa, ikajipa anwani yenyewe. Rudi kwenye laptopu, ondoa tiki, thibitisha, iweke tena. Hili hutokea hasa laptopu ikizimwa na kuwashwa upya.

Wenye kutumia bando la simu, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kompyuta iliyokaa miaka miwili bila intaneti, ikiipata tu, inaanza kupakua masasisho. Mama mmoja alinunua bando asubuhi. Adhuhuri limekwisha na mwanawe hajasoma hata ukurasa mmoja. Mimi ndiye niliyemuunganishia, na sikumwonya. Tangu siku ile sitoki nyumbani kwa mtu kabla sijaingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta ya mezani na kuweka alama kwamba muunganisho huo wa waya unapimwa, yaani data yake inahesabiwa. Windows 10 na 11 zinaruhusu hivyo, na masasisho mengi yanasubiri. Siku ukipata waifai isiyopimwa, iondoe alama ili masasisho yaingie, maana ya usalama yanahitajika.

Na laptopu isilale. Ikilala, mwenzake amekatika. Ichomeke umeme, uiambie isilale ikiwa kwenye chaji.

Nimekuja na mashine mbili na waya wangu. Binti uliyekaa mbele, njoo uchomeke wewe. Wengine sogeeni, mtazame ile taa.