Hiyo namba umeitoa wapi? Mazungumzo na wanaoanza kemia ya mwaka wa kwanza

Haya, tukae basi. Wale wa nyuma mnanisikia? Sogeeni huku mbele jamani, leo hakuna asidi, nimekuja na maneno tu.

Nimeambiwa niongee na nyie kuhusu kemia ya jumla, ile kozi ya mwaka wa kwanza ambayo ina darasa alafu ina na maabara yake. Mimi hiyo kozi nilipona chupuchupu, baadae maisha yakanirudisha kuja kusimamia maabara ileile, kwahiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Na kitu ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja, nikishakisema hata mkisinzia sina neno. Kinachowaangusha wengi kwenye hii kozi ni namba zisizo na mwenyewe. Mtu ameandika 0.0987 kwenye karatasi, unamuuliza hii ni ya nini, anakuangalia kama umemuuliza jina la babu wa babu yake. "Ni jibu." Jibu la nini, gramu, moli, lita? "Kalkuleta imesema." Basi hiyo kalkuleta ndo ikafanye mtihani.

Ngoja niwape yangu kwanza, maana ni aibu ya zamani na imeshapoa.

Titresheni, yaani kudondoshea myeyusho mmoja kwenye mwingine mpaka wamalizane, ili ujue mmojawapo una makali kiasi gani. Wengine mmeifanya sekondari, wengine mtaiona muhula huu huu. Unachukua asidi kwa pipeti, mililita 25.00, unaiweka kwenye flaski ya koni, unadondosha matone mawili ya fenolfthalini, kiashiria cha kubadilika rangi, ambayo kwenye asidi haina rangi kabisa. Juu kuna bureti, lile bomba la kioo lenye mistari na koki chini, imejaa sodiamu haidroksaidi. Unafungua koki taratibu huku mkono mwingine unazungusha flaski. Mwanzoni kila tone linapoangukia panakuwa pinki alafu panapotea hapohapo, hata hulioni vizuri. Ukiendelea, ile pinki inaanza kuwa na ubishi, inakaa kidogo ndo inapotea. Hapo ndo unatakiwa uache kupumua, uende tone kwa tone, mpaka tone moja linaanguka na flaski nzima inabaki na pinki hafifu, hafifu kiasi kwamba unaweka karatasi nyeupe chini ili uione. Umefika, simama, soma bureti.

Mimi jaribio la kwanza nikapata 24.15, safi. La pili nikawa napiga stori na mwenzangu koki iko wazi, nageuka flaski imekuwa pinki ya kuwaka kama lipstiki, bureti inasema 25.60. Muda umebaki dakika kumi na tunatakiwa majaribio matatu. Nikafanya ninachokiita akili. Jirani akaninong'oneza jibu analodhani mwalimu analitaka, nikachukua kalkuleta nikarudi kinyumenyume, ikaniletea 24.125, nikaiandika vilevile kama ilivyo kuwa jaribio la tatu, na la pili nikalipaka koreksheni. Mwalimu wa maabara alikuwa mama mmoja mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akaangalia ukurasa wangu kama sekunde mbili, akatoa kalamu akaizungushia duara ile tano ya mwisho. Akasema, "Hii tano mwanangu, uliiona kwa jicho gani?"

Mnaelewa alichokiona? Bureti ya kawaida ya mililita 50 imechorwa mistari ya kila mililita 0.1. Katikati ya mstari na mstari jicho linakadiria, kwahiyo unaweza kusema 24.12, ukiwa na macho mazuri unaweza kubishana ni 24.13. Tarakimu ya tatu baada ya nukta hakuna binadamu anaisoma pale. Namba yangu ilijitaja yenyewe kwamba haikutoka kwenye kioo, ilitoka kwenye kalkuleta. Alafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo nawaambia wanafunzi wangu, kwamba ningeacha ile 25.60 na pembeni nikaandika "nimepitiliza, rangi imekolea", nikaandika na kwamba la tatu sikuwahi, asingenikata zaidi ya maksi mbili tatu. Badala yake nikala sifuri ya ukurasa mzima. Na ilikuwa haki yangu.

Kwahiyo daftari la maabara, tuelewane. Unaandika kwa wino, palepale, sio kwenye kikaratasi ili ukahamishe baadae nyumbani kwa mwandiko mzuri. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu yake, kile ulichokosea kibaki kinasomeka, maana saa nyingine unagundua kumbe kosa ndo lilikuwa sahihi. Hakuna kuchana karatasi wala koreksheni. Hizi nazipita haraka, mtapewa kwenye karatasi ya sheria.

Sa turudi kwenye ile tano, kwasababu imebeba mada nzima ambayo watu wanaichukia, tarakimu muhimu. Wengi mnaijua kama sheria za kukariri, sifuri ya mbele haihesabiwi, ya katikati inahesabiwa, ya nyuma inategemea, alafu kwenye mtihani mnachanganya. Fikirieni hivi, kila tarakimu ni ushahidi kwamba kuna chombo kilifika mpaka pale. Ukiandika 24.1 unaniambia ulipima na kitu kisichojua mililita 0.01. Ukiandika 24.10 unaniambia uliangalia, ukakadiria, ukaona iko juu kabisa ya mstari. Kwenye hesabu za shule ya msingi hizo ni sawa, maabara ni taarifa mbili tofauti. Na ndo maana ukigawanya kwa kalkuleta ikakupa tarakimu kumi unazikata, huwezi kutoa ushahidi ambao chombo hakikutoa. Tone moja la bureti lenyewe ni kama mililita 0.05, hebu niambie tarakimu nane baada ya nukta unamwandikia nani.

Kuna na mengine ya bureti ambayo hakuna mtu anayakumbuka mpaka yamuumize. Usomaji wako uwe kwenye kitako cha ule mpindo wa maji, macho yawe usawa wake, ukisoma ukiwa umesimama juu unapata namba nyingine. Kabla ya kujaza, suuza bureti kwa myeyusho uleule utakaoutumia, ukisuuza kwa maji tu na kujaza, yale maji yaliyobaki ukutani yanapunguza makali ya myeyusho wako. Flaski ya koni ni kinyume, hiyo suuza kwa maji wala usihangaike, maji hayaongezi moli za asidi, yaani idadi ya chembe zake, moli yenyewe tutaifikia. Na angalia kipovu cha hewa pale chini ya koki, kikitoka katikati ya kazi bureti itasema umetumia kitu ambacho hakijaingia kwenye flaski.

Na hiyo sodiamu haidroksaidi msiiamini kisa imeandikwa 0.1 kwenye chupa, yaani moli 0.1 kwa lita. Zile punje zake nyeupe ukiziweka kwenye mizani na kuziangalia tu, uzito unapanda, zinavuta unyevu wa hewani, zinavuta na kaboni dayoksaidi. Kwahiyo huwezi kupima gramu 4.00 ukasema hii ni moli 0.100, umepima na maji ndani yake. Ndo maana kabla ya kila kitu mnaanza kwa kuipima yenyewe dhidi ya potasiamu haidrojeni fthaleti, unga mweupe mtulivu usiokunywa unyevu hovyo, moli moja gramu 204.22. Ukipima gramu 0.5106 za huo unajua una moli 0.002500, na kama sodiamu haidroksaidi yako ni 0.1000 kweli itakula mililita 25.00. Isipokula hiyo, basi sio 0.1000, na umeshajua ni ngapi. Mimi hii ndo naipenda kuliko zote, maana unaona namba ya kwenye chupa ikiulizwa kitambulisho.

Moli sasa. Naona mtu ameshika kichwa huko.

Moli ni kuhesabu kwa mizani, basi. Misumari hakuna anayeihesabu mmoja mmoja, inapimwa, na ukijua uzito wa msumari mmoja unajua iko mingapi. Atomu ndo kabisa huwezi kuzishika moja moja. Kwahiyo tukakubaliana fungu, kama tunavyosema dazani, ila fungu lenyewe ni 6.022 × 10²³. Gramu 18 za maji, ambazo ni kafunda kadogo tu mdomoni, ndani yake kuna molekyuli hizo zote. Gramu 12 za kaboni, fungu lilelile, gramu 63.55 za kopa, fungu lilelile. Avogadro, mwanasayansi ambaye hiyo namba ya fungu imepewa jina lake, wala hakuijua, yeye mwaka 1811 alichosema ni kwamba ujazo sawa wa gesi kwenye joto na mgandamizo sawa una idadi sawa ya molekyuli, ngapi hakusema. Kuipima ni kazi ya watu waliokuja nyuma yake, na tangu Mei 2019 imefungwa kabisa, moli ni vitu 6.02214076 × 10²³ kamili, haina tena kubahatisha.

Kwahiyo ukiona swali linasema gramu kadhaa za kitu A zikutane na gramu kadhaa za kitu B, usikimbilie kuzijumlisha wala kuzilinganisha. Mlinganyo wa kemia hauongei gramu, unaongea mafungu. Badilisha kwanza kwenda moli, uliza nani atakwisha mapema, huyo ndo anaamua kitapatikana kiasi gani, alafu ndo urudi kwenye gramu. Nusu ya maswali ya muhula wa kwanza ni safari hiyo hiyo imevalishwa nguo tofauti, sikutanii.

Na andikeni vipimo, kila mstari. Gramu gawanya kwa gramu kwa moli, gramu zinakatana, moli inabaki, unajua uko njiani. Ukiona umemaliza una "moli mara gramu" kuna mahali umegawanya kichwa chini. Mfano mzuri ni gesi, mtu anaweka joto 25 kwenye mlinganyo wa gesi kwasababu themomita imesema 25, wakati inatakiwa kelvini, 298.15. Jibu linatoka limekosewa karibu mara kumi na mbili na yeye anaenda nalo. Sa jiulize, kama selisiasi ingefaa, siku joto likifika sifuri gesi yote chumbani ingekuwa na ujazo sifuri. Ungeona mtu anapumua?

Usalama dakika moja. Miwani ya kinga haivuliwi mpaka utoke mlangoni, hata kama wewe umeshamaliza, maana jirani yako hajamaliza. Asidi ndo inamwagwa kwenye maji, tena polepole, usije ukamwaga maji kwenye asidi kali yakachemka yakakurukia. Kioo cha moto na kioo cha baridi vinafanana, wote tumeungua mara moja. Kilichobaki usikirudishe kwenye chupa yake. Na ukivunja kitu sema, vyombo vinavunjika kila wiki, sisi tunachoogopa ni vipande ulivyovificha kwenye droo.

Kingine ni kusoma kabla ya kuja. Maabara ni masaa matatu hivi na kuna watu saa nzima ya kwanza wanasoma maelekezo wakiwa wamesimama, mwisho wanakimbizana na muda, na muda ndo ulinifanya mimi nikaandika ile tano.

Maswali? Dada pale... anauliza kama namba yake imetoka mbali na ya kitabu afanyeje, aandike tu hivyohivyo?

Aandike hivyohivyo, alafu aifuatilie imetoka wapi. Tuchukue ile kazi ya kopa salfeti, ile ya bluu, mtaifanya. Fuwele zake zina maji ndani, kila kopa salfeti moja na maji matano, ukikokotoa maji ni asilimia 36.1 ya uzito. Unapasha kwenye krusibo, kale kakombe ka kuhimili moto, bluu inafifia inakuwa nyeupe, unapima kilichopungua. Tuseme wewe umepata 31. Usifute. Rudi daftarini uone, uliandika imebaki na rangi ya bluu kwa mbali chini? Basi maji hayajaisha, rudisha motoni, poza, pima, rudisha tena mpaka mizani ikupe uzito uleule mara mbili. Umepata 40? Labda moto ulikuwa mkali punje zikaruka nje, au imeanza kuwa nyeusi pembeni yaani chumvi yenyewe imeanza kuharibika, sio maji tu yaliyoondoka. Au ulipima krusibo ikiwa bado ya moto, hapo hewa inayopanda juu inaibeba kidogo mizani inasoma pungufu, na wewe ukadhani ni maji. Zote hizo zinaacha alama, ila uwe uliandika rangi, uliandika uliipoza dakika ngapi. Ukimaliza kupima, dondoshea tone la maji kwenye ule unga mweupe, shika krusibo kwa nje uone inavyopata joto, na bluu inarudi palepale. Hiyo nayo iandike.