Mistari minane bila Haddock

Habari za mchana. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliodamka kutoka Moshi.

Bango hili linahusu katuni lakini halina picha hata moja. Ni katuni za mwandishi wa habari kijana aitwaye Tintin, alizoanza kuchora Mbelgiji Hergé mwaka 1929. Nimezipenda tangu utotoni. Vitabu ni 24; cha mwisho alikiacha hakijakamilika alipofariki 1983. Nilitaka herufi tupu zionyeshe nani yumo katika kitabu gani.

Nilianza kwa kukuza majina. Tintin yumo katika vitabu 24, rafiki yake baharia, Kapteni Haddock, 16, basi nikampa Tintin herufi za sentimita 24 kwenda juu, Haddock 16. Nikachapa, nikabandika, nikarudi nyuma hatua kumi. Lilikuwa linadanganya. Herufi ikirefuka inapanuka pia, kwa hiyo uwiano wa tatu kwa mbili, ukipima eneo, unageuka tisa kwa nne. Isitoshe, TINTIN ina I mbili nyembamba kama fito, HADDOCK imejaa D, O na C zenye matumbo. Muulizeni fundi anayeandika vituo kwenye vifodi, yaani daladala, vya hapa Arusha: SOMBETU na KIJENGE zote ni herufi saba, lakini SOMBETU inamla nafasi zaidi kwa hizo M na O.

Nikafuta yote. Sasa kila kitabu kina mstari wake, na jina linachapwa pale tu mhusika alipo, kwa saizi ileile. Tazameni safu ya Haddock: mistari minane ya juu mitupu, anaingia wa tisa, kitabu cha 1941. Wengi wakifika hapo husema, "Kumbe alichelewa hivyo!" Hakuna maelezo yoyote pembeni, ni ule uwazi ndio umewaambia.

Mstari wa pili ulininyima usingizi. Ni kitabu cha Kongo, kinachotuchora Waafrika kama watu wasio na akili. Rafiki alinishauri nikiruke. Nilikataa, maana vitabu vingebaki 23 na bango lingesema uongo. Katika toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Toleo la rangi la 1946 likabadilisha somo, likawa mbili jumlisha mbili. Basi hapo nimechapa "2 + 2 =" kwa herufi za chaki, na baada ya alama ya sawasawa nimeacha wazi, upana wa vidole vitatu. Sogeeni karibu, kwa mbali hapaonekani.