Mwandishi wa Kiufundi: Namna ya Kutafuta Kazi Uchumi Ukidorora

Habari yako, mtazamaji. Kama unaandika miongozo ya watumiaji, na miezi inapita bila kuitwa kwenye usaili, twende pamoja. Fungua jedwali kwenye kompyuta kama hili langu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua pa kutafuta. Fedha zikipungua, kampuni nyingi za programu huwaachisha kazi waandishi mapema, maana programu huuzika hata mwongozo wake ukiwa mbovu. Lakini kuna bidhaa ambazo sheria inazidai mwongozo. Kwenye safu ya kwanza andika vifaa tiba. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni 2017/745 inataka viambatane na maelekezo ya matumizi, isipokuwa baadhi ya vile vya hatari ndogo. Safu ya pili ni mashine, kwani Agizo 2006/42/EC nalo linadai maelekezo. Ya tatu, ndege. Huko mafundi husoma Kiingereza kilichorahisishwa kwa kanuni ziitwazo ASD-STE100. Waraka wake hutolewa bure ukiuomba. Uombe leo, uanze kujifunza.

Hatua ya pili, jaza majina ya kampuni chini ya kila safu. Unapotafuta matangazo, usishike cheo kimoja tu. Kazi hiyohiyo huitwa mhariri wa nyaraka, mhandisi wa nyaraka, hata msimamizi wa maudhui. Soma majukumu, cheo kiache.

Hatua ya tatu ndiyo ninayokuomba uipe muda mwingi kuliko zote: andaa sampuli. Usibuni bidhaa ya kufikirika. Chagua programu huria inayotumiwa na watu, kisha isakinishe kwa kufuata maelekezo yake neno kwa neno, kana kwamba hujawahi kugusa kompyuta. Kila unapokwama, simama uandike. Tazama mfano huu kwenye skrini: "Sanidi mazingira kisha endelea." Mazingira gani? Faili lipi? Anayeanza ataishia hapo. Mimi nimeigawa katika sentensi tatu: fungua faili fulani, badilisha mstari fulani, kisha hiki ndicho utakachokiona ukifanikiwa. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, nayo ndiyo humtuliza msomaji.

Andika marekebisho kwa Markdown, yaani alama nyepesi za kupanga maandishi, uyawasilishe kwa wenye mradi kupitia Git, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya faili. Watakukosoa; wajibu kwa adabu na urekebishe. Mazungumzo hayo yanabaki wazi, na mwajiri akiyasoma anaona jinsi unavyofanya kazi na wahandisi. Weka ukurasa wa zamani na mpya bega kwa bega, na chini yake eleza kwa nini ulibadilisha.

Hatua ya nne, waandikie uliowahi kufanya nao kazi, hasa wahandisi na wahudumu wa wateja. Hawa wanajua ni wapi wateja wanapiga simu kwa sababu mwongozo hausomeki. Jiunge pia na Write the Docs, jumuiya ya waandishi wa nyaraka iliyoanza 2013. Huko kuna chaneli ya matangazo ya kazi.

Kwenye usaili utaulizwa kuhusu akili unde (AI): kwa nini wakuajiri wewe ilhali nayo huandika? Usiikwepe. Fungua sampuli yako, onyesha hatua uliyoijaribu kwa mikono yako ukagundua maelezo ni ya uongo, na ueleze ulivyoithibitisha.

Rudi kwenye jedwali, ongeza safu ya tarehe ya kufuatilia. Siku kumi za kazi tangu utume maombi zikipita kimya, tuma ujumbe mmoja mfupi wenye kiungo cha sampuli, kisha nenda kwa kampuni inayofuata.